Kidole cha Siti

Sehemu ya kumi na moja

"Dada, mwenye laini hii hajafa."

Hapo ndipo nilipowaachia wiki iliyopita, na jamani, mmenisema! Simu yangu imejaa meseji. Mama mmoja wa Tandika ameniuliza kama nina roho ya kibinadamu. Ninayo, mama yangu. Ila nahisi leo utaniuliza tena.

Aliyenunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza nimweleze chapchap. Evarista ni mjane. Mumewe, fundi cherehani Benjamini, alifariki mwishoni mwa Desemba, na kwenye laini yake ya kazini ameacha milioni mbili na laki saba na ushee. Pesa hiyo ndiyo kodi ya fremu yake ya kushonea pale Kariakoo. Mzee Ghanim, mwenye fremu, amesema mwisho ni leo saa kumi jioni. Na shemeji mtu, Pantaleo, kaka mkubwa wa marehemu, ameweka neno lake: fremu ikilipwa, watoto wanabaki kwa mama yao. Isipolipwa, kesho alfajiri anawapandisha basi la Songea, akawalee yeye. Angelina ana miaka tisa, Kasiani ana minne.

Saa ya ukutani kwenye ofisi ile ya kampuni ya simu ilionyesha saa sita na robo mchana. Haya, turudi kaunta.

"Hajafa?" Evarista alisema. "Hajafa vipi? Nimemzika mimi. Nimemwagia udongo kwa mkono huu!"

Tasneem, binti wa kaunta, alirekebisha mtandio wake. Mbele yake kulikuwa na bahasha ya kaki iliyochakaa pembe zote. Ndani yake mlikuwa na cheti cha kifo, barua ya serikali ya mtaa, muhtasari wa kikao cha ukoo na barua ya mahakama inayomtambua Evarista kuwa msimamizi wa mirathi. Miezi mitatu ya foleni na nenda rudi ilikuwa humo.

"Pole sana, dada. Karatasi zako ziko sawa zote. Tatizo laini yenyewe haikusajiliwa kwa jina la marehemu. Imesajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine, na mtu huyo yuko hai. Kwa mfumo wetu, pesa ni ya kwake."

"Nani huyo?"

"Siruhusiwi kukutajia."

"Mwanamume au mwanamke?"

Tasneem aliinamisha macho. Basi! Mwanamke aliyeolewa hahitaji jibu zaidi ya hilo.

"Mlete mwenyewe," Tasneem alisema kwa sauti ya chini. "Aje na kidole chake. Akiridhia, hata hizi karatasi za mahakama hatuzihitaji. Ni dakika tano tu, unaondoka na pesa yako."

Akaanza kumrudishia karatasi moja moja. Alipofika kwenye muhtasari wa ukoo, mkono ukasita.

"Dada, huu ukurasa wa pili uliusoma?"

"Nimesaini mwenyewe, bibie!" Evarista aliidaka bahasha yake. "Nimechoka na karatasi zenu. Nikasome tena ili iweje?"

Tasneem alitaka kusema kitu, lakini mzee aliyekuwa nyuma kwenye foleni alishaanza kugonga kaunta kwa ufunguo. Evarista akatoka.

Nje, chini ya mwavuli, alikaa wakala wa kutuma na kutoa pesa. Evarista akapata akili moja. Akamtajia namba ya marehemu na kumpa noti ya elfu moja.

"Nitumie humu."

Wakala akabonyeza, akasoma kwenye simu yake. "Jina linakuja Siti Omari Kibwana. Ndiye mwenyewe?"

"Usitume."

"Eh! Dada, si umesema..."

"Nimesema usitume! Nipe hela yangu."

Siti. Evarista alilirudia jina hilo njia nzima ya kwenda kwenye fremu. Miaka kumi ya ndoa. Miaka kumi anamfulia, anamzalia, anamwekea maji ya kuoga, kumbe pesa ya nyumba inalala kwa Siti. Machozi yalimtoka, akagonga toroli la mbebaji mizigo, akatukanwa, wala hakusikia.

Fremu ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Jirani yake, Goodluck, muuza zipu na vifungo, alikuwa anakula wali.

"Shemeji, karibu chakula."

"Siti ni nani?"

Goodluck alitabasamu, masikini, hajui anachokanyaga. "Si yule wa Feri? Mbona mtaa mzima tunamjua! Mteja akitaka kulipa tu, fundi anamwambia, 'Litakuja jina la Siti, usishtuke, tuma tu.'"

Wasomaji wangu, tusidanganyane. Nani kati yenu hajawahi kuambiwa hivyo? Mwenye genge anakwambia litakuja jina la Juma, mwenye duka la dawa litakuja jina la mjomba. Tunatuma, tunaendelea na maisha. Evarista tu ndiye aliyekuwa halijui jina hilo, kwa sababu mumewe hakuwahi kumtumia pesa ya nyumbani kwa laini ile. Ya nyumbani ilitoka kwenye laini nyingine, yenye jina lake Benjamini.

"Mtaa mzima," Evarista alisema. "Mtaa mzima mnajua, mimi tu ndiye mjinga."

"Shemeji, ngoja, si hivyo unavyo..."

Hakungoja. Alishapanda bodaboda. "Feri!" alimwambia dereva. "Kwa wakaanga samaki. Kimbiza!"

Wakiwa njiani simu ikaita. Ni Pantaleo, aliyekuwa ameshinda na watoto nyumbani Ilala.

"Vipi shemeji, mambo yamejipa?"

"Bado. Saa kumi haijafika."

"Haijafika, ndiyo. Hivi, sweta la Kasiani liko wapi?"

"Sweta? La nini na joto lote hili?"

"Nimeuliza tu, shemeji. Usiwe mkali."

"Liko kwenye begi jekundu," Evarista alijibu, akakata simu. Kichwa chake chote kilikuwa kwa Siti.

Feri ilikuwa imejaa moshi na kelele za mnada. Alimuuliza mpaa samaki mmoja, akanyooshewa kidole kwenye karai la tatu. Aliona mgongo wa mwanamke aliyejifunga kanga, na huo ukamtosha.

"Wewe Siti! Mwizi wa waume za watu! Umelala na mume wangu na pesa yake ukaifungia kwenye jina lako! Leo utaitapika!"

Wakaanga samaki wote waligeuka. Na mwenye mgongo naye akageuka.

Alikuwa bibi. Bibi kabisa, miaka sitini na kitu, jino moja la mbele halipo, uso umejaa jasho. Mkononi ameshika kijiko cha matundu chenye kibua.

"Nimelala na nani, mwanangu?" aliuliza.

Vicheko vililipuka. Evarista aliona wazi amekosea, lakini hasira haishuki kwa breki moja. "Fundi Benjamini! Wa Kariakoo!"

"Ah, Fundi!" Uso wa bibi ukachanua. "Wewe ndiye mkewe? Mwambie Fundi nimemnunia. Januari yote nimemsubiri, hakutokea. Kanisusa, eti?"

"Amekufa," Evarista alisema.

Kibua kikarudi kwenye karai. Mafuta yakaruka, wala bibi hakusogea. "Amekufa lini?"

"Desemba."

"Innalillahi." Bibi Siti alikaa kwenye ndoo yake. "Na mimi huku namnunia."

Akaeleza mwenyewe, bila kuulizwa. Mwaka ule wa kusajili laini kwa alama za vidole, Fundi alikuwa hajajiandikishia kitambulisho cha taifa, na laini ilikuwa inakaribia kuzimwa. Siti alikuwa mteja wake wa madera. Akamwambia twende, kidole si kinarudi? Akamsajilia. Baadaye Fundi alipata kitambulisho, akasajili laini ya nyumbani kwa jina lake, lakini ya kazini akaiacha ilivyo, kwa kuwa wateja walishaizoea.

"Na tangu mwaka ule, kila Januari anawashonea wajukuu zangu sare za shule. Watano. Hela hataki. Anasema hiyo ndiyo kodi ya kidole."

Evarista alikumbuka. Kila Januari mumewe alikuwa anachelewa kurudi, anasema ana kazi ya mtu wa Feri. Na yeye kila Januari alimnunia kwa ajili hiyo. Aibu ilimshika, mpaka akashindwa kumtazama bibi usoni.

"Mama, shikamoo," alisema.

"Sasa ndiyo unaniamkia? Marahaba."

"Nakuomba twende kwenye ofisi ya simu. Ukiweka kidole tu, pesa inatoka."

Bibi Siti akasimama, akachukua kijiko chake, akageukia karai.

"Siendi."

"Mama!"

"Kidole hiki kimeshanilaza mahabusu siku mbili. Nilimsajilia laini kijana mwingine, akaenda kutapeli watu, polisi wakaja kwangu. Nikaapa. Na wewe unakuja hapa, mbele ya wateja wangu, unaniita malaya na umri huu. Kesho nitauza samaki gani mimi? Nenda, mwanangu. Nimekupa pole ya msiba, inatosha."

Saa saba na dakika hamsini. Bodaboda alikuwa amezima pikipiki, anatazama sinema ya bure.

Evarista akapiga magoti, na magamba ya samaki yakamganda kwenye gauni jeusi la msiba.

"Mama, saa kumi nisipolipa fremu, watoto wangu wanachukuliwa. Kesho alfajiri. Kasiani hajafika hata miaka mitano, bado analala ameshika sikio langu. Nitukane. Nitukane hapa hapa, wasikie wote, halafu twende. Nipige na hicho kijiko ukitaka. Lakini twende."

Bibi Siti aliweka kijiko chini. "Kutukana ulitukana kwa sauti," alisema. "Radhi mbona unaomba kwa kunong'ona?"

Evarista akaelewa. Akasimama, akajifuta kamasi kwa kiganja, na mbele ya Feri nzima akapaza sauti:

"Jamani! Nisikilizeni! Mama huyu hajalala na mume wangu! Nimemsingizia! Ni mtu mwema, alimsaidia mume wangu, na mimi nimekosa adabu! Nunueni samaki wake!"

Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Muuza pweza mmoja akauliza kama na yeye anaweza kusafishwa jina. Bibi Siti alijitahidi kununa, akashindwa.

"Haya, unanitia aibu mara mbili," alisema, akamkabidhi jirani yake karai. "Niangalizie hivi vibua. Twende mwanangu, kabla sijabadili mawazo."

Bodaboda mmoja, watu watatu, Bibi Siti katikati ananukia samaki. Walifika saa nane na dakika thelathini na tano. Foleni ilikuwa mpaka mlangoni. Evarista hakupanga foleni. Msimlaumu, na nyie msingepanga. Tasneem alipomwona bibi, akawafanyia ishara wasogee.

"Mama, weka kidole gumba hapa kwenye mashine."

Bibi akaweka. Mashine ikalia kwa ukali.

"Haijasoma. Futa mkono, weka tena."

Akafuta kwenye kanga, akaweka. Mashine ikalia tena.

Tasneem akaushika mkono wa bibi, akaugeuza. Kidole kilikuwa laini, hakina hata mstari mmoja. Miaka thelathini ya mafuta ya moto imefuta kila kitu.

"Dada," alimwambia Evarista, na sauti yake haikuwa nzuri. "Imebaki mara moja. Ikikataa mara ya tatu, mfumo unafunga mpaka kesho."

"Kesho hakuna!" Evarista alisema. "Kesho saa kumi na moja alfajiri wako kwenye basi! Mama, kaoshe. Kaoshe na sabuni. Mungu wangu, Benjamini, umenifanyia nini?"

"Nyamaza kwanza," Bibi Siti alisema. Alifumba macho, anahesabu kitu kichwani. "Mwaka ule wa vidole... mwaka ule ndio nilioungua. Eh! Mkono wa kulia ulikuwa na bandeji mpaka kwenye kiwiko. Fundi ndiye aliyenishikia mwavuli kwenye foleni." Akafumbua macho. "Binti, mimi sikutoa kidole cha kulia. Nilitoa cha kushoto."

"Una uhakika, mama? Ni mara ya mwisho hii."

"Sina uhakika. Lete mashine."

Akaweka dole gumba la kushoto, lile linaloshika ndoo tu na halijui karai. Evarista aliziba uso.

Mashine haikulia. Taa ya kijani ikawaka.

"Siti Omari Kibwana," Tasneem alisoma, na safari hii alisoma kwa sauti. "Salio, milioni mbili, laki saba na elfu sitini na nne."

Evarista alilia mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Bibi Siti alimpigapiga mgongoni kwa ule mkono wenye harufu ya vibua. Wakaweka namba mpya ya siri, na bibi mwenyewe akabonyeza kutuma pesa yote kwenye simu ya mjane.

"Chukua na wewe kidogo, mama. Laki moja."

"Sitaki shilingi. Nataka jina langu litoke humo, mimi nikafe na kidole changu. Na kama wewe unajua cherehani, wajukuu zangu bado hawana sare za Januari."

"Najua. Alinifundisha yeye."

Saa tisa na dakika ishirini. Evarista akampigia Mzee Ghanim.

"Mzee, shikamoo. Ninazo. Nakuja sasa hivi."

"Marahaba, binti yangu. Alhamdulillah. Njoo, yule mwingine anayeitaka fremu nimemwambia asubiri kidogo. Lakini saa kumi ni saa kumi."

Alitaka kutoka mbio, ila kuna mtu mmoja alitaka kumwambia kwanza. Alitaka kuisikia sauti yake ikinywea. Akampigia Pantaleo. Simu iliita kwa muda mrefu, kisha ikapokelewa.

"Shemeji! Nimepata! Nimepata pesa yote! Fungua hilo begi, toa nguo za wanangu!"

Upande wa pili kulikuwa na muungurumo.

"Mama?"

"Angelina? Baba mkubwa yuko wapi?"

"Kashuka kununua maji."

"Kashuka wapi?"

"Kwenye basi. Mama, kwa nini hukuja kutuaga? Baba mkubwa alisema utakuja stendi. Kasiani amelia mpaka amelala."

Evarista aliziba sikio la pili ili asikie. "Angelina. Mwanangu. Angalia dirishani. Kumeandikwa nini?"

"Kuna bango." Mtoto alisoma polepole, kama alivyofundishwa shuleni. "M-la-ndi-zi."

"Shukeni! Mshike mdogo wako, shukeni sasa hivi!"

"Baba mkubwa anasema tusishuke. Anasema wewe umekubali." Sauti ya Angelina ikapasuka. "Anasema ulisaini. Mama, ulisaini kweli?"

"Sikusaini! Sijasaini kitu mimi!"

Mlio wa honi, sauti ya mwanamume kwa mbali, kisha simu ikakatwa. Alipopiga tena ilikuwa imezimwa.

 Tasneem alinyoosha mkono, taratibu, akaitoa bahasha ya kaki kwapani mwa Evarista. Akatoa muhtasari wa kikao cha ukoo, ule ulioandikwa kwa mkono wa Pantaleo siku tatu baada ya mazishi, wakati Evarista amevimba macho na shemeji yake anamwekea kalamu mkononi, anamwambia, "Saini hapa na hapa, shemeji, hii ndiyo karatasi ya kufungulia pesa." Akafunua ukurasa wa pili.

"Nilikuuliza mapema, dada," alisema. Akasoma. "'Kikao kimeridhia, na mjane ameridhia kwa hiari yake, kwamba watoto wote wawili wakabidhiwe kwa kaka wa marehemu, Pantaleo, awalee Songea, na mjane hatadai kuwarudisha.'"

Chini yake, kwa wino wa bluu, kulikuwa na saini ya Evarista. Kwenye ofisi ya mtaa aliitoa karatasi hiyo mwenyewe. Mahakamani aliitoa mwenyewe. Kila mahali waliigongea muhuri.

Simu ikaita mkononi mwake. Mzee Ghanim. Hakupokea. Alishaanza kukimbilia mlangoni, kwenye bodaboda, anapiga kelele, "Mlandizi! Nipeleke Mlandizi!"

Bibi Siti alimdaka gauni.

"Niachie, mama! Wanangu wanaenda!"

"Unaenda kufanya nini?" bibi alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu aliyewahi kulala mahabusu. "Unaenda kuwashusha kwenye basi kwa nguvu? Polisi wa barabarani watauliza karatasi, mwanangu. Na nakala ya karatasi hii yeye hakosi kuwa nayo, ina mihuri na saini yako. Ukiwashika tu watoto wale, mwizi ni wewe."